Mti unaobeba na mti wa plasta: Gaudí alijifunza nini porini na kanisani?

Swali: «Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu majengo, mzaliwa wa Tanga. Darasani tulifundishwa kwamba Antoni Gaudí wa Barcelona alinakili maumbile kwa sababu ya imani yake. Mwenzangu akasema hayo ni mashairi ya watalii, jengo husimama kwa hesabu na si kwa rozari. Tumebishana wiki nzima. Nani yuko sahihi? Na mimi Mwislamu, nikimchagua Gaudí kwa kazi yangu ya muhula, nitapata la kujifunza au nitakuwa nasimulia dini ya watu tu?»

Marahaba, binti yangu. Ubishi wenu naufahamu, nimeusikia tangu nikiwa mwanafunzi kama wewe. Kabla sijasema nani kashinda, naomba uweke simu chini uchukue mkufu, hata ule wa bandia. Shika ncha zake mbili, mkono mmoja huku na mmoja kule, uuache ulegee mbele ya ukuta.

Umbo unaloliona hukulichora wewe. Limejichora kwa uzito wa mkufu wenyewe. Kila pete inavutwa na jirani zake wawili, inavutwa na ardhi pia, na mkufu mzima unatulia pale tu mivuto yote inapolingana. Ndani yake hakuna kusukumana hata kidogo, maana mkufu haujui kusukuma. Sasa upige picha, kisha uigeuze picha juu chini. Palipokuwa na kuvutana tupu pamekuwa na kubanana tupu. Jiwe na tofali hustahimili sana kubanwa, kinachoyapasua ni kuvutwa. Kwa hiyo hilo unaloliona kwenye picha iliyogeuzwa ni tao litakalosimama bila nondo hata moja. Mwingereza Robert Hooke aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1675, lakini wajenzi wachache sana waliithubutu kwa jengo zima.

Gaudí alithubutu. Mwaka 1898 Eusebi Güell, tajiri wa viwanda vya nguo, alimwagiza kanisa la wafanyakazi wake huko Santa Coloma de Cervelló, nje kidogo ya Barcelona. Badala ya kukimbilia kalamu, Gaudí aliwaambia wasaidizi wake wafunge nyuzi darini, mamia ya nyuzi zikishikana, na kwenye nyuzi wakatundika vifuko vya marisawa, yaani punje ndogo za risasi. Kila kifuko kilisimamia uzito wa sehemu yake ya jengo. Mfano wenyewe ulikuwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa halisi, na uzito ulikuwa mmoja kwa 10,000. Ukiongeza marisawa kwenye kifuko kimoja, nyuzi zote zinasogea mpaka zipate utulivu mpya. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka kumi. Hebu fikiria leo umwambie mwenye pesa zake kwamba umekaa miaka kumi unatundika vifuko!

Ujenzi ulianza 1908, na 1914 familia ya Güell ikakata fedha. Kilichokwisha ni sehemu ya chini tu, nayo inatosha. Nguzo za mawe meusi ya volkeno zimeinama, kila moja kwa mwinamo wake, hata mgeni akiingia hudhani fundi alisahau timazi. Hakusahau. Nguzo imeinama kule uzito unakotokea, kama mtu anayesukuma gari lililozimika: hasimami wima, hujilaza kidogo. Nje ya jengo kuna misonobari, nayo imeinama vilevile kwa sababu zake. Madirishani kuna vyuma vilivyofumwa kwa sindano za zamani za mitambo ya nguo. Hilo nalipenda kuliko mambo mengi ya Gaudí yanayopigwa picha.

Kwa hiyo neno la kwanza la kurekebisha ni «alinakili». Mwalimu wako hakukosea sana, ila neno hilo linapoteza wanafunzi. Anayenakili huchukua sura ya kitu. Gaudí, katika kazi zake zilizokomaa, alichukua sababu ya ile sura.

Mizizi ya jambo hilo ni ya nyumbani. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1852 upande wa Reus, kusini mwa Catalonia. Baba yake alikuwa mfua shaba, na mtoto alikua akitazama bamba bapa likipigwa nyundo mpaka linakuwa tumbo la mtungi. Mtu wa malezi hayo huanza na kitu kizima mkononi, karatasi hufuata baadaye. Halafu alikuwa na baridi yabisi, viungo vikiuma, asiweze kukimbizana na wenzake. Mtoto aliyekaa kivulini anaona mengi: konokono, majani ya mitende mifupi ya kwao, jinsi tawi linavyonenepa linapoungana na shina. Alihitimu usanifu Barcelona mwaka 1878.

Nyumba yake ya kwanza kubwa, Casa Vicens, aliyoijenga 1883 hadi 1885, bado ni ya kunakili. Pale kiwanjani palikuwa na maua ya njano na mti wa jamii ya mitende. Maua yakawa picha kwenye vigae, majani ya mti ule yakawa uzio wa chuma. Kazi nzuri sana, ya kijana. Lakini jani lile la chuma halibebi kitu.

Sasa ruka karibu miaka 40, uingie Sagrada Família, kanisa kubwa la Barcelona. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 19 Machi 1882, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na msanifu wa kwanza alikuwa Francisco de Paula del Villar. Aligombana na wenye kazi, na mwishoni mwa 1883 kazi akapewa Gaudí, kijana wa miaka 31. Akaishika mpaka kifo. Katika miaka yake ya mwisho ndipo alipofikia suluhisho la nguzo za ukumbi mkuu, na hapa ndipo ungependa mwenzako mpenda hesabu awe karibu yako anasoma.

Kanisa la kigothi, yaani la mtindo wa Ulaya ya kale wa mawe na kuta ndefu, lina tatizo la kudumu: paa la mawe husukuma kuta nje. Wajenzi wa kale walilitibu kwa kuweka matao ya nje yanayozishikilia kuta. Gaudí aliyaita magongo, kwa maana kwamba jengo linaloyahitaji ni kilema. Yeye akaufuata mti. Mti hauna magongo. Shina linapanda, linafika kwenye fundo, linagawanyika matawi, kila tawi linakwenda kuchukua sehemu yake ya majani na kuishusha chini kwa njia fupi. Nguzo zake ndivyo zilivyo. Zimeinama kidogo, zinafika kwenye fundo la jiwe lenye umbo kama yai, zinatoa matawi, na kila tawi linashika kipande chake cha dari, mita 45 juu ya sakafu, na 60 pale katikati, mikono ya jengo lenye umbo la msalaba inapokutana. Msukumo wa paa unaingia ndani ya nguzo yenyewe na kushuka nayo mpaka msingi.

Na mawe hayafanani. Nguzo zenye mzigo mdogo ni za jiwe la mchanga, zinazofuata za granaiti, kisha basalti, na zile nne za katikati zenye mzigo mkubwa kuliko zote ni za porfiri nyekundu. Mtu asiyejua lolote la uhandisi akiingia anaona rangi zinabadilika akadhani ni mapambo. Anasoma hesabu bila kujua.

Ukisogea karibu na nguzo moja ukapitisha kiganja utaona kitu kingine. Chini ina pembe chache, tuseme nane. Inavyopanda pembe zinakuwa 16, halafu 32, mpaka juu inakaribia duara. Gaudí alilipata umbo hilo kwa kuuzungusha mche mmoja, yaani umbo refu lenye pande bapa, kulia na mwingine kushoto, akabakiza sehemu ile tu ambayo yote miwili inaikubali. Hakuna mti wenye shina la namna hiyo. Lakini kuna mimea mingi inayokua kwa kujisokota, na huko ndiko wazo lilikotoka. Unaona tofauti ya kunakili na kujifunza.

Wanafunzi wake walisimulia kwamba alikuwa akionyesha mti uliokuwa karibu na karakana yake, wengi husema mkaratusi, na kusema huo ndio mwalimu wake. Nakuonya hapa: Gaudí mwenyewe aliandika kidogo mno. Karibu kila neno lake linalosambazwa mtandaoni liliandikwa na vijana waliomtembelea. Katika insha yako andika «inasimuliwa», usiandike «alisema».

Mwenzako atauliza: lakini hayo yote ni hesabu, imani iko wapi?

Ninavyoelewa mimi, imani iko mahali pawili. Kwanza, kwa Gaudí sheria za maumbile zilikuwa na Mwenyewe. Uzito, mwanga, ukuaji wa mti, vyote vilikuwa agizo la Muumba, na msanifu kazi yake ni kutii agizo na kuendeleza kazi iliyokwisha kuanzwa. Ndiyo maana alivumilia miaka kumi ya vifuko vya marisawa: hakuwa akitafuta umbo la kumpendeza, alikuwa akisubiri kujibiwa. Mhandisi asiye na dini angeweza kuufanya mfano uleule? Angeweza, na baadaye wapo waliofanya. Ila sijui nani mwingine wakati ule angeona kwamba huo ni wajibu.

Pili, ni suala la muda na urefu. Sagrada Família ni kanisa la malipizi, yaani la kuomba msamaha wa dhambi, linalojengwa kwa sadaka za watu. Wazo lilikuwa la Josep Maria Bocabella, muuza vitabu, na chama chake cha waumini wa Mtakatifu Yosefu. Fedha zikiisha, kazi inasimama. Gaudí mwenyewe uzeeni alipita akiomba michango. Alijua hataliona likiisha, na inasimuliwa kwamba akiulizwa alijibu kuwa mteja wake hana haraka. Kuhusu urefu, alipanga minara 18, na ule wa juu kuliko yote, wa Yesu, uwe na mita 172.5, chini kidogo ya kilima cha Montjuïc kilichoko mjini humo, kwa sababu kazi ya mtu haifai kuipita kazi ya Mungu. Oktoba 2025 mnara huo ulilipita kanisa la Ulm la Ujerumani, na Sagrada Família ikawa kanisa refu kuliko yote duniani. Kilima bado kinaongoza.

Usidhani alizaliwa mtawa. Ujanani alipenda suti nzuri. Uchaji ulimkolea pole pole, na wakati mwingine ulipita kiasi: Kwaresima ya 1894 alifunga mpaka nusura afe, ikabidi kasisi rafiki yake, Torras i Bages, amsihi ale. Mwishoni alikuwa akilala palepale kwenye karakana. Tarehe 7 Juni 1926, akitembea kwenda kuungama kama ilivyokuwa desturi yake, aligongwa na tramu. Nguo zake zilikuwa chakavu kiasi kwamba watu walimdhania ombaomba. Alifariki siku tatu baadaye katika hospitali ya maskini, akazikwa chini ya kanisa lake. Aprili 2025 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa, hatua mojawapo kabla ya kutangazwa Mwenye Heri.

Kuna ushahidi mmoja unaowapatanisha wewe na mwenzako, nao umetokana na balaa. Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, waliochukia kanisa walichoma karakana, michoro ikaungua, mifano ya jasi ikavunjwavunjwa. Lingekuwa jengo la mtu aliyefuata hisia tu, lingekufa siku ile. Lakini vipande viliokotwa, na wataalamu wa baadaye, miongoni mwao Mark Burry wa New Zealand, aliyeanza kazi hapo 1979, waliweza kupata umbo zima kutokana na vigae vya jasi. Kwa nini? Kwa sababu karibu kila uso uliopinda wa Gaudí umetengenezwa kwa mistari iliyonyooka.

Hili nalo lifanye kwa mkono. Chukua njiti za ufagio wa chelewa, fungu la kujaza mkono. Shika juu kwa mkono mmoja, chini kwa mwingine, usokote. Fungu linabana kiuno na kupanuka ncha zote mbili, limekuwa umbo lililopinda kila upande, na bado kila njiti moja moja imenyooka. Hilo ndilo umbo la matundu ya mwanga kwenye dari ya Sagrada Família. Lina jina lake kwenye hesabu, haipaboloidi, lakini fundi mwashi halihitaji jina. Anahitaji uzi na misumari ya kuonyesha uzi uanzie wapi na uishie wapi, basi anafuata. Mwaka 1909 Gaudí alijenga shule ndogo ya watoto wa mafundi kando ya kanisa, paa lake linapanda na kushuka kama shuka lililotikiswa, la vigae vyembamba vya udongo, na lote linatokana na mbao zilizonyooka. Ukinilazimisha kuchagua jengo lake moja nitachagua hilo. Ndilo dogo na la bei nafuu kuliko yote, na mambo yote yamo.

Kwa haki niseme pia kisichonivutia. Uso wa mashariki, wa Kuzaliwa kwa Yesu, ambao aliusimamia mwenyewe, unanichosha macho. Hapo alinakili kwelikweli: alipiga jasi juu ya miili ya watu na wanyama hai, punda alining'inizwa kwa mikanda ili atulie. Ni imani iliyomwagika bila kuchujwa. Hata hivyo shuka na macho hadi chini, kwenye vitako vya nguzo mbili. Upande unaoelekea bahari, nguzo imebebwa na kasa. Upande unaoelekea milimani, imebebwa na kobe. Lugha nyingi huwaita wote wawili kwa jina moja na kuhangaika kueleza. Wewe mtoto wa pwani utaiandika sentensi hiyo bila jasho. Pembeni kuna kinyonga, alama ya kugeuka, akiwatazama hao wawili wasiogeuka.

Kuhusu Uislamu wako. Kwanza kabisa, mtu anayesoma Kurani ameshazoea kusikia kwamba mbingu, mvua na miti ni aya kwa wenye kufikiri. Wazo la Gaudí halitakuwa geni kwako. Pengine litakuwa geni zaidi kwa mwenzako. Pili, ukirudi Casa Vicens utaona vigae na minara midogo yenye damu iliyo wazi ya Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu; kizazi chake kilisoma Alhambra, jumba la wafalme Waislamu huko Granada, kwa picha. Tatu, kuna jambo la Afrika ambalo wanafunzi hulisahau. Mwaka 1892 na 1893 Gaudí alichora jengo la misheni ya Wafransisko mjini Tangier, Moroko. Halikujengwa. Lakini minara yake iliyochongoka kama vichuguu virefu ndiyo iliyorudi Barcelona kuwa minara ya Sagrada Família. Kuna wanaodai aliitoa kwenye majengo ya udongo ya Sahara. Hayo ni makisio, yaandike kama makisio. Kwamba mchoro wa Tangier ulitangulia, hilo liandike bila wasiwasi. Nakushauri uifanye hiyo ndiyo mada yako.

Na usije ukafanya nilichokiona mimi. Niliwahi kuitwa kukagua ukumbi mmoja wa ibada, sitautaja, wenye nguzo za «mtindo wa Gaudí». Nguzo zilikuwa za zege la kawaida, wima kama kopo, na juu yake fundi alikuwa ametengeneza matawi kwa waya wa banda la kuku akayapaka plasta. Matawi hayakubeba dari. Dari ndiyo iliyoyabeba. Msimu wa pili wa mvua moja likaachia usiku, likavunja benchi mbili. Watu walikuwa makwao, alhamdulillah. Mwenye ukumbi aliniuliza tutumie plasta gani ngumu zaidi.

Basi anza na nyuzi. Funga kamba ya nguo mlangoni, tundika uzi wa fundi, tundika vifuko vya mchanga vilivyopimwa kwenye mizani ya jikoni, andika kila gramu. Ukipata umbo linalokuridhisha usihangaike kuugeuza mfano wenyewe, utakuvurugikia. Upige picha ukiwa bado unaning'inia, uichapishe, uigeuze picha, kisha chora kuta na paa juu yake kwa penseli au rangi. Ndivyo Gaudí alivyofanya na picha za vifuko vyake. Na mwambie yule mwenzako mbishi aje akushikie ngazi.